Asante Kwanza, Meno Baadaye

Likasi, 27 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha leo, na mimi nimeitwa hospitalini. Si kwa ugonjwa, Mungu asifiwe. Dokta Ghislain, yule kijana wa meno aliyekuja kutoka Lubumbashi mwaka jana, alitaka kuniona. Nilimkuta nyuma ya meza yake, shati limepigwa pasi hadi unaogopa kumsalimia. Anatafuta mtu wa kumsaidia kutafsiri hojaji kutoka Kifaransa: maswali ya kuwauliza vijana ambao meno yao hayakujipanga. Hayaulizi kama meno yanauma. Yanauliza maisha. Unacheka mbele ya watu? Unakubali kupigwa picha? Umewahi kunyamaza darasani kwa sababu ya meno yako?

"Mama Henriette, banasema weye njo unatafsiri mahubiri ku kanisa ya Méthodiste."

Nikamwambia ni kweli, ndiye mimi, na kwamba pasta akikosea huwa ninamsahihisha humo humo, wala yeye hajui. Dokta hakucheka. Akasema kwenye hojaji sitasahihisha kitu. Tutaona.

Akanieleza kwa nini anaihangaikia. Majibu yakionyesha kwamba vijana wa hapa kweli wanateseka, profesa wake wa Lubumbashi atamleta mtaalamu wa kunyoosha meno, awe anakuja Likasi kila mwezi. Yasipoonyesha, mtaalamu atabaki Lubumbashi. Nilikubali kabla hajamaliza kusema, kwa sababu nilikuwa namfikiria Elikia.

Elikia ni binti wa marehemu ndugu yangu Albert. Ana miaka kumi na mitano. Meno yake ya juu yametangulia mbele, na moja limempanda mwenzake. Ni meno ya Albert yale yale. Albert alicheka nayo wazi hadi siku aliyofukiwa na udongo machimboni, lakini mtoto wake anafunika mdomo hata akisema asante. Dokta anasema umri huu mifupa bado inakua na meno yanasikia. Akishakuwa mtu mzima, itakuwa kazi nyingine.

4 Novemba

Kazi inakwenda hivi: mimi natafsiri peke yangu, na mwalimu Léon anatafsiri peke yake, kisha tunalinganisha. Halafu mtu wa tatu ambaye hajaona Kifaransa anarudisha Kiswahili chetu katika Kifaransa, ili tujue kama tumebeba mzigo wote au tumeuangusha njiani. Napenda kazi hii. Nimefundisha miaka mingi, na tangu nistaafu hakuna aliyeniuliza maana ya kitu chochote.

Léon ameleta Kiswahili cha kuvaa tai. Nimemwambia watoto watadhani wameshtakiwa.

9 Novemba

Matope. Viatu vyangu vyeusi sasa ni vyekundu.

Tumegombana na Dokta juu ya tofaa. Swali linasema: Je, unapata taabu kuuma tofaa? Nikamuuliza ni mtoto gani wa Likasi anayeamka asubuhi akauma tofaa. Hapa wanauma maindi ya kuchoma, wanauma muwa. Akasema hojaji imetumika nchi nyingi ikiwa na tofaa. Nikasema basi nchi hizo zina bahati. Akaangalia dirishani ambako mama mmoja alikuwa akipita na miwa kichwani, akafuta tofaa. Kwa hilo namshukuru.

16 Novemba

Umeme umepotea tangu asubuhi. Nimepika bukari, ugali wetu, kwa makala, yaani mkaa, na nimelala mapema.

23 Novemba

Tumeanza kuijaribu hojaji kwa watoto. Wanaletwa na mama zao, wanakaa na Dokta au na Julie, muuguzi wetu, wanasomewa swali na kuchagua: kamwe, mara chache, mara nyingi, kila siku. Mimi nasikiliza pembeni na kuandika swali lipi linawachanganya.

Kijana mmoja, Ruffin, ameletwa kwa sababu ana nafasi katikati ya meno ya juu. Julie akamsomea: "Je, nafasi kati ya meno yako inakusumbua?" Ruffin akatucheka sisi wote. "Mais hii ni mwanya! Babinti banaipendaka. Minye niko nayo ya papa, na papa alioa nayo." Dokta ameandika pembeni: mwanya si ugonjwa. Nimefurahi siku nzima.

30 Novemba

Jambo baya. Dokta ametandaza majibu ya wote mezani, na karibu yote ni "kamwe". Kamwe sioni haya. Kamwe sinyamazi. Kamwe sichekwi. Kuna msichana anaitwa Jessy, meno yake yamejaa kinywani hadi midomo haifungi vizuri. Alijibu "kamwe" kuanzia swali la kwanza hadi la mwisho, macho yake yakiwa chini, na mama yake akaitikia amina kila mara.

"Mama Henriette," Dokta akasema, "pengine kweli habateseke. Pengine ni siye tunafikiri tu."

Nilitaka kumjibu vibaya. Lakini karatasi zilikuwa upande wake.

7 Desemba

Leo nimekwenda Kikula kwa wifi yangu Orpha, mjane wa Albert. Nilibeba karatasi ya ruhusa, kwa sababu mtoto hawezi kuulizwa bila mzazi kutia sahihi. Nilitaka Elikia aulizwe. Nilijiambia: mmoja akisema kweli, wengine watafuata.

Orpha alikuwa anachambua maharagwe ya kuuza sokoni. Akaniwekea kiti, akanipa maji, akaniuliza habari za magoti yangu, akamshukuru Mungu kwa magoti yangu. Tangu Albert afe anasali katika kanisa moja la uamsho, na huko kila kitu ni shukrani. Mvua ni shukrani na jua ni shukrani. Mimi Mmethodisti nashukuru kwa kiasi.

"Inasema nini, Yaya?" akauliza, akiionyesha karatasi. Ndivyo anavyoniita, dada mkubwa.

Nikamsomea swali la kwanza: "Katika miezi hii, umewahi kuona haya kwa sababu ya meno yako?"

Akaweka ungo chini.

"Yaya Henriette, mutoto yangu hatasema ile kitu. Kinywa iko na nguvu. Kile unasema, njo kile unaita. Minye shiwezi kuita haya mu nyumba yangu."

"Orpha, haya imeshaingia. Mutoto anakulaka anageukia ukuta."

"Elikia! Kuya hapa. Weye iko na shida na meno yako?"

Elikia alitokea mlangoni, mkono mdomoni. Akamwangalia mama yake, kisha mimi. "Hapana, mama. Niko bien."

"Umesikia, Yaya," Orpha akasema, akarudi kwenye maharagwe yake.

Niliondoka mvua ikianza, na sikungoja ipite. Njiani nilimwita Orpha moyoni majina ambayo mke wa shemasi kama mimi hatakiwi kuyajua. Kwa nini mtu awe mgumu hivi kwa mtoto wake? Anamfunga kinywa kwa jina la Mungu, na huku kinywa ndicho kinachomuuma. Nimeandika haya nikiwa bado na hasira, na sitayafuta.

14 Desemba

Bowa, uyoga wa msimu wa mvua, wameanza kuuzwa barabarani, wakubwa kuliko mkono wangu. Orpha amenitumia kikapu kizima, bila neno. Nimewapika na karanga. Watamu mno kwa mtu aliyekasirika.

21 Desemba

Dokta ameanza kuandika ripoti. Nilisoma mstari mmoja juu ya bega lake: athari za meno katika maisha ya vijana ni ndogo. Anaifunga baada ya sikukuu. Nilimuomba angoje. Akaniuliza angoje nini.

1 Januari

Lazima niandike haya kabla sijala, maana nikila nitalala.

Orpha alinialika kwenye ibada ya shukrani ya mwaka mpya katika kanisa lake. Nilikwenda kwa ajili ya bowa, nakiri. Kanisa lilijaa hadi nje, mabati yakivuja pembeni, na watu wakasogeza viti bila kuacha kuimba. Kisha wakaanza ushuhuda. Mmoja mmoja anapita mbele, anashika maikrofoni, na anaanza hivi: namshukuru Mungu kwa hiki, namshukuru kwa kile. Nilikuwa nimeanza kusinzia.

Akasimama Jessy. Jessy wetu wa "kamwe".

"Namushukuru Mungu," akasema, "alinipatia kinywa ya kumusifu. Namushukuru juu ya mama yangu. Mwaka hii ku masomo balikuwa bananiita Lukasu, jembe, juu ya meno. Banaimba kabisa: Lukasu, kuya ulime! Nikaanza kutoka asubui na uniforme, mama anafikiri naenda ku masomo, minye naenda kuikala kwa bibi. Karibu mwezi muzima. Nilikuwa naomba Mungu anitoshe ile meno yote mu kinywa. Leo niko mbele yenu, ninarudia ku masomo. Mungu asifiwe!"

"Amina!" kanisa likajibu, na wanawake wakamzunguka, wakamfuta machozi kwa vitenge vyao. Mama yake alikuwa anapiga vigelegele.

Usingizi ulinitoka wote. Ni msichana yule yule na ni meno yale yale. Kwetu alisema kamwe, na hapa ametoa yote mbele ya umati, bila kuulizwa. Tofauti ilikuwa moja: hapa alianza na asante.

Na si kanisa tu. Nani Likasi anaingia kwa mtu na kumwaga shida mlangoni? Hata mimi na kiasi changu. Unasalimia, unashukuru kwa kiti, kwa maji, kwa kuonana tena, ndipo unasema kilichokuleta. Ukianza na shida, unaonekana mtu anayemnung'unikia Mungu. Hojaji yetu ilikuwa inaingia katika nyumba za watu bila hodi, na watoto wakaifukuza kwa adabu. Mimi ndiye niliyeitafsiri, mtu wa hapa hapa, na sikuliona.

Asante, Orpha. Nimeliandika.

4 Januari

Dokta alinisikiliza akiwa amesimama. "Mama, hojaji haiko kanisa. Tukiongeza swali, hatuwezi tena kulinganisha na inchi ingine."

"Usilihesabu. Liweke mlangoni tu, bila alama."

"Na bakisema asante, kisha banyamaze?"

"Dokta, umewahi kusikia ushuhuda mufupi?"

Hapo akacheka. Sikujua kwamba anaweza. Akakaa, akakunja mikono ya lile shati, tukaandika pamoja: "Kabla ya kuanza: kuhusu kinywa chako na meno yako, ungependa kushukuru kwa ajili ya nini?" Na mzazi atangoja nje. Hakutaka kuniamini kwa maneno tu, na ana haki. Kundi moja la watoto wapya litaulizwa kwa njia ya zamani, jingine kwa njia yetu, wazazi wakiwa nje kwa makundi yote mawili, ndipo tutajua. Amemwandikia profesa.

Nilipokuwa natoka akasema, "Nilikuwa karibu kubeba bongo mpaka Lubumbashi." Bongo, yaani uongo. Mtu anayeweza kusema hivyo juu ya kazi yake mwenyewe, nilimhukumu vibaya kwa sababu ya pasi.

13 Januari

Profesa amekubali. Mvua imenyesha tangu alfajiri, na leo sioni ubaya wake.

20 Januari

Kundi la zamani: kamwe, kamwe, kamwe. Kundi la asante: Julie ametoka chumbani mara mbili kwenda kunawa uso. Wanashukuru kwa kuweza kula, kwa sauti, kwa meno ya maziwa yaliyotoka bila maumivu, kisha wanavuta pumzi na kusema. Mmoja hajala shuleni tangu mwaka uanze. Mwingine amefuta picha zake zote. Dokta anaandika tu. Ripoti ya Desemba ameichana.

25 Januari

Orpha amekuja kwangu. Alikuja katikati ya mvua kubwa, kitenge kichwani, ndala mkononi. Nilidhani kuna msiba.

"Mama ya Jessy ananiambia karatasi ya hôpital sasa inaanza na kushukuru Mungu. Ni kweli?"

Nikampa taulo, nikampa chai. Nikamsomea lile swali.

"Soma tena," akasema.

Nikasoma tena. Mabati yalikuwa yanapiga kelele hadi nililazimika kupaza sauti. Orpha aliangalia kikombe chake.

"Minye namushukuru Mungu juu ya meno ya Albert," akasema. "Albert alikufa, hatukumuona hata sura, udongo ilimufunika. Lakini kila asubui Elikia anaamuka na kinywa ya baba yake. Akipiga muayo, minye naona bwana yangu. Yaya, weye unataka bainyooshe. Bakiinyoosha, minye nitamuona Albert wapi?"

Nikaiweka karatasi chini. Miezi yote hii nimedhani ni kanisa lake lililomfunga, na nilimdharau kwa hilo. Mwanamke huyu alikuwa analinda kitu cha mwisho alichobakiwa nacho cha ndugu yangu, na mimi dada mtu ndiye niliyekuja na karatasi ya kumnyang'anya. Nilimshika mkono. Tukalia, watu wazima wawili wenye akili zao, na chai ikapoa.

Baadaye akasema, taratibu, "Na mutoto anaumia. Najua. Najuaka kila siku." Akaniomba kalamu, akatia sahihi. Sikumsukuma. Naandika hivyo ili nikumbuke kwamba alifanya mwenyewe.

8 Februari

Elikia ameulizwa leo. Mimi nilikaa kwenye ukumbi, maana ndugu haruhusiwi. Alikaa humo muda mrefu kuliko wote. Alipotoka hakufunika mdomo, lakini nadhani ni kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa inashika leso.

Tukarudi kwa miguu, tukikwepa madimbwi. Sikuuliza. Karibu na soko akasema mwenyewe.

"Tantine, nilimuambia Dokta namushukuru Mungu juu hii ni meno ya papa."

"Umesema vizuri."

"Kisha nikamuambia nachoka." Akatembea kidogo. "Mu chorale nafungua tu mudomo, shiimbe. Ku masomo naweza kujua réponse, shiinue mukono. Shikusema kwa mama, juu nilikuwa naona nikisema hii meno ni mubaya, ni sawa vile namutukana papa. Mama anaipenda sana."

Watu walikuwa wanatupita na mizigo yao. Nikamvuta chini ya kibanda cha muuza makala.

"Tantine, banaweza kuinyoosha na papa asikasirike?"

Kwetu Kasai, walikotoka wazazi wetu, dada wa baba ni baba wa kike. Si maneno ya kupamba. Baba asipokuwepo, yeye ndiye anayekubali au kukataa kwa sauti ya baba, kwenye ndoa na kwenye msiba. Albert alikufa miaka mingi iliyopita, na katika miaka hiyo yote hakuna aliyeniomba kumsemea. Nilivua kitambaa changu cha kichwa, nikasimama wima kama magoti yanavyoruhusu.

"Elikia, siku ya leo minye njo papa yako. Na papa anasema: enda, mutoto yangu. Meno nilikupatia ya kula na ya kuimba. Kama inakukataza kula na kuimba, banyooshe."

Alinikumbatia hapo hapo kwenye vumbi la makala. Nguo yangu nyeupe imeharibika, na Mungu asifiwe kwa sabuni.

22 Februari

Maindi mapya. Nimekula matatu. Meno yangu bado yako nami, na leo nimeshukuru bila kiasi.

9 Machi

Lubumbashi wamejibu. Mtaalamu atakuja, kwanza kwa majaribio ya wiki chache, kisha kila mwezi. Dokta alinipigia simu akawa anasema haraka hadi nikamwambia apumue. Hojaji yetu itatumika Kolwezi pia, na lile swali la mlangoni limo. Jessy na Elikia wamo kati ya wa kwanza kuonwa.

Nilidhani Orpha angepiga vigelegele. Alisema "Mungu asifiwe", akaendelea kukaa. Dokta aliponiuliza kwa nini hafurahi, nilimwambia meno yale ni ya nani.

24 Machi

Mvua zinaisha, lakini leo ilinyesha kama imesahau kitu.

Wiki iliyopita mtaalamu alimjaza Elikia kinywani uji wa rangi ya waridi, akamwambia aume na asicheke. Leo tumerudi afungiwe nyaya. Nilikwenda nao, Orpha mbele, amevaa nguo ya ibada. Elikia akaingia ndani peke yake. Sisi tukabaki ukumbini.

Dokta Ghislain akaja na kitu katika kitambaa. Akakifungua mbele ya Orpha: taya mbili za plasta nyeupe, ya juu na ya chini, zimefungana. Akaeleza kwamba kabla ya kunyoosha meno lazima wayachukue umbo yalivyo, kwa faili ya hospitali.

"Mama, moja ni ya faili," akasema. "Hii ya pili nilitengeneza juu yako, ubebe ku nyumba."

Orpha hakuelewa mara moja. Kisha akaona. Meno ya mbele yalikuwa yametangulia, na lile moja limempanda mwenzake. Akayapokea kwa mikono miwili, anavyopokea mtoto mchanga wa mtu. Akapitisha kidole gumba polepole juu ya lile jino lililopanda, akarudi, akapitisha tena.

"Yambo, Albert," akasema.

Mle ndani tulimsikia Elikia akimuuliza mtaalamu kama mtu anaweza kuimba na nyaya, na mtaalamu akamwambia aimbe asikie.

Orpha akamuuliza Dokta kama plasta inaogopa mvua. Dokta akasema inaogopa sana, akavua koti lake jeupe, akaifunika nalo.